Kufuata Reli ya The General: Shajara ya Safari, Los Angeles hadi Culp Creek

Mwaka 1926 Buster Keaton, mchekeshaji wa sinema bubu, alipakia mabehewa 18 ya mizigo kule Hollywood, akaenda Oregon kupiga filamu ya kichekesho kuhusu treni iliyoibiwa. The General haina makauboi, lakini mpenzi wa filamu za magharibi ya Marekani atakuta humo karibu kila anachokipenda: kichwa cha treni kinachokula kuni, farasi, mizinga, daraja linaloungua na jeshi linalovuka mto. Mwaka mmoja kabla yake Keaton alikuwa amefanya kichekesho cha kauboi hasa, Go West, kwa hiyo timu yake ilishazoea kufanya kazi mbali na studio.

Shajara hii inafuata njia ya timu hiyo hadi bonde la mto Row, sehemu kwa sehemu. Kila kichekesho cha treni katika filamu hii kilikuwa kwanza tatizo la ufundi, na mtu akiliona eneo kwa macho yake ndipo anaelewa tatizo lenyewe lilikuwa nini.

Siku ya 1: Los Angeles hadi Eugene

Treni ya abiria ya Coast Starlight huondoka Union Station ya Los Angeles asubuhi na kufika Eugene siku ya pili mchana. Kaa upande wa kushoto, maana baada ya Ventura reli inashika ufuko na bahari iko upande huo kwa saa nyingi. Usiku unapita Oakland. Kukicha uko kwenye milima ya kaskazini ya California, kisha Klamath Falls, kisha treni inateremka milima ya Cascade kuingia bonde la Willamette.

Keaton hakupita huku. Reli hii ya Cascade ilikuwa bado inajengwa, ikakamilika baadaye mwaka huohuo wa 1926. Mwezi Mei treni za Southern Pacific zilikuwa zikizunguka kwa njia ya zamani ya Siskiyou: Ashland, Medford, Roseburg, halafu Cottage Grove penyewe. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa mtu mwenye mizinga na mabehewa ya kizamani. Mzigo uliotoka Los Angeles ulifika hadi pale reli ndogo ya wakata mbao inapoungana na reli kuu, bila kushushwa na kupakiwa upya. Leo abiria hushuka Eugene na kumalizia kilomita 32 za mwisho kwa barabara.

Saa hizo za kwenye treni zinatosha kuisoma habari yenyewe. Tarehe 12 Aprili 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, James Andrews na wenzake wa upande wa Kaskazini waliiba treni iliyovutwa na kichwa kiitwacho General, pale Big Shanty, Georgia, abiria na wafanyakazi walipokuwa wakipata kifungua kinywa. Nia yao ilikuwa kukimbilia Chattanooga wakichoma madaraja na kukata nyaya za telegrafu. Kondakta William Fuller aliwafukuza, kwanza kwa miguu, halafu kwa kiberenge cha kusukuma, halafu kwa vichwa vya treni alivyovikuta njiani. Cha mwisho kiliitwa Texas, nacho alikiendesha kinyumenyume, kwa sababu kilikuwa kimeelekea upande usiofaa na nafasi ya kukigeuza haikuwepo. Wezi waliishiwa kuni na maji karibu na Ringgold, baada ya kilomita kama 140. Andrews na wenzake saba walinyongwa.

Mmoja wa walionusurika, William Pittenger, aliandika kitabu. Clyde Bruckman alimpelekea Keaton kitabu hicho, wakaiongoza filamu pamoja. Keaton alibadili jambo moja la msingi: shujaa wake, dereva Johnnie Gray, ni mtu wa Kusini anayefukuza treni yake iliyoibiwa. Aliona watazamaji hawatakubali kucheka watu wa Kusini wakiwa ndio wabaya wa hadithi. Uamuzi huo una uzito wake mpaka leo, kwa sababu sare ya shujaa ni sare ya jeshi lililopigania kubakisha utumwa, na filamu haisemi neno lolote kuhusu utumwa. Ufundi wake unastahili kusifiwa, na ukimya huo nao unastahili kutajwa.

Siku ya 2: Cottage Grove mjini

Kutoka Eugene kuna basi la wilaya ya Lane hadi Cottage Grove. Kwa gari ni barabara kuu ya I-5 kuelekea kusini. Mji ni mdogo, na barabara ya Main inatembeleka kwa miguu yote. Kwenye ukuta wa jengo moja katikati ya mji umechorwa mchoro mkubwa wa Keaton.

Lakini kwa nini hapa, wakati Georgia ipo? Keaton alitaka kupiga filamu Kusini, tena alikitaka kichwa chenyewe cha General, ambacho wakati huo kilikuwa kimewekwa kama maonyesho kwenye stesheni ya Chattanooga. Kampuni ya reli iliyokimiliki ilikataa ilipojua kwamba filamu ni ya kuchekesha. Na hata kama ingekubali, reli za Kusini zilikuwa zimeshafanywa za kisasa. Msaka maeneo wa Keaton, Bert Jackson, ndiye aliyegundua Oregon, Pacific and Eastern, reli ya wakata mbao iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne kuelekea migodi ya Bohemia, milimani humo Oregon. Hapo palikuwa na vitu vilivyokosekana kwingine kote: vichwa vya zamani vilivyowezekana kununuliwa, madaraja ya mbao, misitu hadi ukingoni mwa reli, na treni chache kiasi kwamba njia iliweza kufungwa ili filamu ipigwe.

Upana wa reli hiyo ulikuwa milimita 1,435, sawa na SGR ya Mombasa na ya Dar es Salaam. Reli ya Georgia mwaka 1862 ilikuwa na futi 5, yaani karibu sentimita 9 zaidi. Kwenye kioo hakuna anayeiona tofauti hiyo. Kinachoonekana ni umbo la kichwa, na fundi mkuu Fred Gabourie alikazania hapo. Vichwa vitatu vya zamani vilivalishwa dohani pana ya juu, taa kubwa ya mbele, kibanda cha mbao na behewa la kuni, vikafanana na vya miaka ya 1860. Vitatu vilihitajika kwa sababu ya hadithi yenyewe: kimoja kinakimbia, kingine kinafukuza, na cha tatu kiko nyuma yao. Tena kimoja kati ya hivyo kilishahukumiwa kufa tangu mwanzo.

Timu ilifika tarehe 27 Mei 1926 na kuanza kupiga picha tarehe 8 Juni. Siku zile za kati zilikwenda kwenye ujenzi: mtaa mzima wa Marietta, Georgia, mji ambako hadithi inaanzia, ulisimamishwa hapa kwa mbao, ukiwa na nyumba, maduka na stesheni. Watu wa mji na vijiji vya jirani wapatao 1,500 waliajiriwa kwa kazi mbalimbali. Jumapili, siku ya mapumziko, timu ya filamu ilicheza besiboli na wenyeji, mchezo ambao Keaton aliupenda kupita kiasi.

Kabla ya kuondoka mjini, tembea hadi daraja la Chambers. Ni daraja la reli lenye paa na kuta za mbao, lililojengwa mwaka 1925 kupitisha magogo kwenda kiwandani, na likafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2011. Keaton alipofika lilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Ingia ndani utazame juu: paa na kuta ziliwekwa ili mvua ya Oregon isiozeshe mihimili inayobeba mzigo. Daraja la mbao lililoachwa wazi kwenye hali hii ya hewa haliishi miaka mingi.

Siku ya 3: Mosby Creek hadi Dorena

Reli ilishang'olewa. Tuta lake limewekwa lami na linaitwa Row River Trail, njia ya kutembea na kuendesha baiskeli yenye kilomita kama 26 kutoka mjini hadi Culp Creek, chini ya mamlaka ya serikali kuu ya ardhi za umma. Wengi huanzia kituo cha Mosby Creek, kilomita kama 5 mashariki ya mji, penye maegesho na daraja lenye paa la mwaka 1920 hatua chache tu. Beba maji ya kutosha, maana kiangazi cha hapa ni kikavu kabisa. Na usiingie vichakani bila suruali ndefu: kuna mmea wenye majani matatumatatu unaowasha ngozi kwa siku nyingi baada ya kuugusa tu.

Baiskeli inakufundisha jambo ambalo ramani haisemi: hakuna kilima. Tuta la reli hupanda kidogo mno, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa kupanda mteremko mkali. Mwendo huu wa pole uliwafaa sana wapigapicha, Dev Jennings na Bert Haines. Picha nyingi za filamu zimepigwa kutoka pembeni, kamera ikienda sambamba na treni kwa kasi ileile, wakati mwingine juu ya gari lililopita kwenye barabara ya kando iliyosawazishwa kwanza. Kama barabara ina mabonde, picha inaruka. Kama gari linachelewa hata kidogo, Keaton anatoka nje ya fremu. Na kamera zenyewe zilizungushwa kwa mkono. Mpigapicha alilazimika kushika mwendo uleule wa mkono huku gari likitikisika, kwa sababu akipunguza kasi ya mkono, treni itaonekana kukimbia zaidi kwenye sinema, na akizidisha itaonekana inatambaa.

Kipande hiki kifupi cha Oregon kilitakiwa kionekane kama safari ndefu ya kutoka Georgia hadi Tennessee, na kurudi. Filamu imejengwa kama mbio mbili: kwanza Keaton anafukuza kuelekea kaskazini, kisha ameirudisha treni yake na yeye ndiye anayefukuzwa kuelekea kusini. Ukiendesha baiskeli kwenda na kurudi utaona jinsi kona ileile inavyogeuka kuwa mahali pengine kabisa ukiitazama kutoka upande wa pili, jua likiwa limehama.

Sasa vichekesho vyenyewe.

Tuanze na kile cha fito la magurudumu. Johnnie amekataliwa jeshini, mchumba wake amemkatia tamaa, naye anakaa kwa huzuni juu ya fito la chuma linalounganisha magurudumu makubwa ya treni. Treni inaondoka, fito linampandisha na kumshusha, naye hajatambua mpaka anapoingia ndani ya banda. Tazama vizuri: Keaton habinuki. Fito hilo limeshikwa na pini mbili, moja kwenye kila gurudumu, na pini zote mbili zinazunguka kwa pamoja, kwa hiyo fito hubaki mlalo wakati wote. Kila nukta yake inachora duara, ila fito lenyewe halizunguki. Mtu anaweza kulikalia, mradi magurudumu yazunguke polepole.

Hatari iko kwenye kuondoka. Dereva akifungua mvuke kupita kiasi, au reli ikiwa na umande au mafuta, magurudumu huteleza na kuzunguka kwa kasi papo hapo bila treni kusogea. Fito linakuwa rungu. Keaton alieleza baadaye kwamba dereva alimwonya kuhusu jambo hilohilo, wakajaribu kwanza kabla ya kupiga picha. Dawa yake madereva wa mvuke wanaijua: mchanga juu ya reli mbele ya magurudumu, na valvu ya mvuke kufunguliwa kwa uzi mwembamba. Yote yanategemea mkono wa dereva ambaye mtazamaji hamwoni kabisa.

Cha pili ni cha mataruma. Wezi wameangusha mataruma ya mbao kwenye reli. Johnnie anateremkia kwenye kizimba cha chuma cha mbele ya treni, kile cha kusukumia ng'ombe, anaokota taruma moja, treni inamkusanya yeye na mzigo wake, akabaki ameketi mbele amelikumbatia. Mbele kuna taruma la pili limelala kukingama reli. Analitupa lile la mkononi juu ya ncha ya hilo la pili, na yote mawili yanaruka pembeni. Hapo ni nyenzo tupu: ncha ya taruma imetokeza nje ya reli, na reli inakuwa egemeo. Ukiipiga ncha hiyo kwa nguvu, ncha ya upande wa pili inainuka na taruma linapinduka kutoka njiani. Ukipiga katikati ya reli mbili, halisogei, treni inalipanda, na mtu aliye mbele ndiye wa kwanza kulipia. Hakuna mkato katika picha hiyo. Treni ilikwenda polepole, hilo ni kweli, lakini tani zile hazisimami ghafla hata kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Cha tatu ni cha mzinga. Johnnie amekokota mzinga mfupi kwenye behewa nyuma ya treni yake. Mara ya kwanza anatia baruti kiduchu, na tufe linatoka kivivu, linapaa kidogo na kutua ndani ya kibanda cha dereva, alipo yeye mwenyewe. Keaton alisimulia kwamba ili tufe lifike pale pale alihesabu chembe za baruti kwa kibano. Sababu ni rahisi kuielewa. Treni inatembea, mzinga unatembea nayo, na kibanda pia. Kwa hiyo ukisahau upepo, kinachobaki ni nguvu ya baruti na pembe ya mdomo wa mzinga. Pembe ikishafungwa, umbali unategemea baruti peke yake, na kwa kiasi kidogo namna hiyo chembe chache zinahamisha mahali tufe linapoangukia. Baruti ya kijiko ingelipitisha tufe juu ya kibanda.

Baadaye Johnnie anamwaga baruti nyingi, anawasha utambi, na mguu wake unanasa. Mtikisiko wa reli unaushusha mdomo wa mzinga taratibu hadi unamwelekea yeye. Anayemwokoa ni kona: treni yake inakata, mzinga unabaki umeelekea mbele moja kwa moja, na tufe linapita na kwenda kupasuka karibu na treni ya wezi. Kichekesho hiki kilihitaji kona ya mpindo fulani, yenye nafasi ya kuziona treni zote mbili katika picha moja. Ukipita kona za bonde hili kwa baiskeli utaanza mwenyewe kuzipima kwa jicho.

Kipande kinachofuata, pembeni mwa ziwa Dorena, hakimo kwenye filamu. Bwawa lilikamilika mwaka 1949, sehemu ya bonde la zamani ikafunikwa na maji, na reli ikahamishiwa juu zaidi. Pita, furahia ubaridi wa ziwa, endelea.

Siku ya 4: Dorena hadi Culp Creek

Baada ya ziwa bonde linakuwa jembamba, mto uko karibu, na misonobari mirefu imesimama pande zote. Karibu na Culp Creek ndipo lilipokuwa daraja ambalo filamu inaliita la mto Rock.

Katika hadithi, Johnnie analiwasha moto daraja nyuma yake. Jenerali wa Kaskazini anafika, anaangalia moto, anaamua kwamba haujala mbao kiasi cha kuzuia treni, na anaamuru kichwa cha Texas kivuke. Daraja linakatika na treni inaanguka mtoni.

Wengi wanaoiona leo hudhani ni mfano mdogo uliopigwa studio. Sivyo. Gabourie na mafundi wake walijenga daraja zima la mbao kuvuka mto, kwa ajili ya kuliangusha. Kulijenga daraja lianguke ni kazi ngumu kuliko kulijenga lisimame. Lazima libebe uzito wake, libebe moto, likubali treni ifike karibu katikati ili ianguke mahali kamera zinapotazama, kisha likatike lote kwa pamoja. Likikatika mapema, kichwa cha treni kinaishia ukingoni. Likichelewa, kinavuka salama, na umebaki na daraja linaloungua ambalo hakuna anayethubutu kulipanda tena. Njia yao ilikuwa kukata mihimili iliyochaguliwa kwa msumeno nusu-nusu, ili uzito wa treni umalizie kazi. Moto ulikuwa wa kutazamwa zaidi. Uzito ndio uliokata.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, tarehe 23 Julai 1926. Mji ulitangaza mapumziko, na watu kati ya 3,000 na 4,000 walikuja kujipanga kwenye kingo za mto. Askari 500 wa Gadi ya Taifa ya Oregon, yaani jeshi la akiba la jimbo, walikuwepo wakiwa na sare za filamu. Kamera 6 ziliwekwa. Idadi hiyo haikuwa anasa: tukio lisiloweza kurudiwa haliachiwi kamera moja ya kuzungushwa kwa mkono, ambamo filamu ikikwama hata nusu dakika kila kitu kimepotea. Kazi ilianza ikiwa imechelewa kwa muda wa saa nne, baada ya majaribio kadhaa marefu. Kisha kichwa cha treni kilitumwa peke yake kwenye daraja lenye moto, kikiwa na sanamu ya dereva ndani ya kibanda. Wapo watazamaji waliodhani ni mtu wa kweli, wakapiga kelele.

Daraja lilikatika palipotakiwa. Katika filamu iliyokamilika tunaliona anguko kwa picha moja pana: treni inazama katikati, mbao zinaifuata, mvuke unapanda kutoka majini. Baada ya hapo Keaton anatuonyesha uso wa jenerali aliyetoa amri. Hasogezi kamera karibu na chuma, wala harudii anguko kwa pembe nyingine, ijapokuwa pembe nyingine alikuwa nazo. Alijua kwamba kichekesho kiko kwenye uso wa mtu aliyekosea hesabu, na picha ya pili ya treni ingekipunguzia nguvu.

Gharama ya tukio hilo hutajwa kuwa dola 42,000, na mara nyingi linatajwa kama picha moja ghali kuliko zote katika enzi ya sinema bubu. Kichwa cha treni kiliachwa mtoni. Kwa miaka mingi watu walikuja kukitazama, hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili kilipotolewa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Askari wale 500 walikuwa na kazi nyingine pia. Walivaa sare za buluu wakapigwa picha wakienda upande mmoja kama jeshi la Kaskazini, halafu wakavaa za kijivu wakapigwa picha wakienda upande wa pili kama jeshi la Kusini. Ile picha maarufu ya Johnnie anayekata kuni kwa bidii huku jeshi zima likipita nyuma yake bila yeye kugeuka ilitegemea hesabu ya namna hiyo: treni iko mwendoni, shoka linafanya kazi, na mamia ya watu na farasi wanapita nyuma kwa wakati mmoja, upande sahihi wa fremu. Askari wakitangulia kidogo, Johnnie ataonekana kipofu, na kichekesho kitakufa.

Siku ya 5: kurudi, na moshi

Siku ya kurudi, ukiwa unateremka na bonde, tazama jinsi msitu unavyokaribiana na njia, halafu fikiria kichwa cha treni kinachochoma kuni kikipita hapa katikati ya Julai. Cheche za kuni ni kubwa na nyepesi, zinaruka mbali kutoka kwenye dohani. Zilichoma marundo ya majani makavu ya wakulima mara kwa mara, na timu ikawa inalipa dola 25 kwa kila rundo. Wakati wa kupiga picha za vita moto ulishika msitu wenyewe. Keaton, wafanyakazi na askari wa Gadi waliuzima kwa kuupiga kwa makoti ya sare, zile sare zilizosafirishwa kutoka Hollywood.

Majeruhi walikuwepo pia. Mwongozaji msaidizi alipigwa usoni na risasi isiyo na kichwa, ambayo kwa karibu bado inatoa moto na mabaki ya baruti. Mfanyakazi wa breki alipitiwa mguuni na gurudumu la treni, akafungua madai ya dola 2,900. Keaton mwenyewe alizirai baada ya kusimama karibu mno na mzinga uliokuwa ukifyatuliwa.

Kilichosimamisha kazi kilikuwa moshi. Misitu ya eneo hilo ilikuwa ikiungua, anga likajaa ukungu wa kijivu, na picha za mbali zikawa hazifanani na zile zilizopigwa Juni. Mtu akiikata picha ya anga safi na kuiunganisha na ya anga la moshi, mtazamaji anadhani ni siku nyingine. Tarehe 6 Agosti Keaton alirudi Los Angeles. Mwishoni mwa mwezi mvua kubwa ilisafisha hewa, timu ikarejea Oregon, na upigaji picha ukamalizika tarehe 18 Septemba.

Zilikuwepo futi 200,000 za filamu, yaani karibu kilomita 61, za kupunguzwa hadi roli nane. Bajeti iliyoanza na dola 400,000 hutajwa kufika 750,000. Filamu ilionyeshwa kwanza Tokyo tarehe 31 Desemba 1926, na New York tarehe 5 Februari 1927. Wahakiki wengi hawakuipenda, na mapato hayakulingana na gharama. Producer Joseph Schenck hakuweza tena kumwachia Keaton uhuru wa namna ile. Mwaka 1928 mchekeshaji huyo alihamia studio ya MGM, ambako maamuzi ya mwisho hayakuwa yake. Mwaka 1989, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanzisha orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa, The General ilikuwa katika kundi la kwanza.

Anayetaka kuviona vichwa vya kweli vya mwaka 1862 aende Georgia: General kipo kwenye jumba la makumbusho la Kennesaw, mji ambao zamani ndio ulioitwa Big Shanty, na Texas kipo Atlanta History Center.

Na kabla ya safari, itazame filamu. Haki zake ziko huru Marekani, kwa hiyo nakala zimejaa mtandaoni, nzuri na mbovu. Chagua iliyosafishwa kutoka kwenye filamu ya awali, yenye majani ya miti unayoweza kuyaona moja moja. Angalia pia kasi: nakala nyingi hudumu dakika 75 hadi 80, na zikiendeshwa haraka kupita kiasi watu wanarukaruka na treni zinapoteza uzito. Jaribu kwa kipande cha fito la magurudumu. Kama Keaton anapanda na kushuka taratibu, bila kushtuka, umepata nakala ya kwenda nayo Culp Creek.